Mwaka wa Shimo la Majivu

Mama Aline tulimzika Jumamosi iliyopita, katika mvua nyembamba iliyotufanya sote tutamani padri afupishe maneno, na nilipofika nyumbani nilivua viatu vyenye tope, nikakaa kitandani, nikajua kwamba sasa naweza kuandika. Wakati wote alipokuwa hai nilijiambia kwamba mwaka ule si wangu peke yangu kuusimulia. Ulikuwa wake pia, na ndani yake kulikuwa na jambo moja ambalo hakupaswa kulijua. Mimi ni mwalimu, sina uhaba wa maneno. Wanafunzi wangu wananitania kwamba nikiulizwa saa ninaanza na historia ya jua. Lakini hili nimelifungia kinywani tangu nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na sasa kichwa changu kina mvi. Basi niseme tangu mwanzo, ili asomaye asihangaike kutafuta: Aline alikuwa na miaka kumi na tisa, alikufa asubuhi moja mahali tulipokuwa tukijifunza kutengeneza vyombo vya kioo, na aliyemfundisha kazi iliyomuua ni mimi. Mama yake aliamini kwa miaka mingi kwamba ni mtu mwingine.

Atelye, karakana ile ya kioo, ilikuwa upande wa barabara ya Sake, kwenye kiwanja cha mawe meusi ya volkano ambacho hakuna aliyekitaka kwa kulima wala kwa kujenga. Mwenyewe alikuwa Muzee Kasereka, mtu wa Butembo, mfupi, mkatoliki wa kusali hata kabla ya kunywa maji, aliyejifunza kazi ya kioo Kampala na kuja Goma kwa sababu, alivyosema, hapa chupa tupu ni nyingi kuliko watu. Alitangaza parokiani kwamba anachukua vijana wachache kwa mafunzo ya mwaka mmoja. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa na diploma bila kazi, na nyumbani walikuwa wamechoka kuniona nimekaa. Siku ya kwanza alituomba tuje na kitu cha kusaidia kukarabati tanuru, nami nikaja na beseni limejaa mawe meusi, maana mtu wa Goma ukimwambia ujenzi anawaza mawe hayo tu. Muzee aliyatazama akacheka. "Solange, haya mawe ya kwenu yanalalaka na maji ndani," akasema. "Ukiyapasha moto yanapasuka sawa bombe." Sikumwamini. Akachukua moja dogo, akalitupa kwenye makaa, akatusukuma sote nyuma ya mlango, na baada ya muda tukasikia mlio na vipande vikigonga mabati. Tanuru likajengwa kwa matofali ya udongo, na maneno hayo, "ya kwenu", aliyatumia mwaka mzima: mawe ya kwenu, mulima wa kwenu, maneno ya kwenu.

Nakumbuka siku niliyopuliza kwa mara ya kwanza kuliko ninavyokumbuka siku ya harusi yangu, mume wangu anisamehe. Kavira, msichana mwenzangu tuliyeanza naye siku moja, alikuwa ametangulia na kutoa kitu kama kiazi. Ikawa zamu yangu. Chupa za bia, za kijani na za kahawia, zilikuwa zimeoshwa na kuvunjwavunjwa tangu jana yake, zikayeyuka kwenye chungu ndani ya tanuru huku mtu akizungusha gurudumu la baiskeli lililosukuma upepo kwenye makaa. Muzee aliingiza bomba refu la chuma, akalizungusha humo kama mtu anayechota asali kwa kijiti, akalitoa likiwa na tone zito jekundu kwenye ncha. Akanipa. Uzito wake ulinishtua, na joto lilinikausha macho. "Zungusha! Usiache kuzungusha! Sasa puliza, kidogo kidogo, sawa vile unapoza uji ya mutoto. Usivute! Ukivuta, moto utaingia kwa mapafu." Nikapuliza. Mwanzo hakuna kitu kilichotokea, kama kupuliza ukuta, halafu nikahisi kitu kule mbele kinakubali, kinajaa pumzi yangu mwenyewe, na nikacheka na bomba mdomoni, na kwa kicheko kile gilasi yangu ikavimba shavu moja kama mtu anayeumwa jino. Ilikuwa mbaya na niliipenda. Niliiweka dirishani niipeleke nyumbani jioni.

Mchana tulikaa kula, fufu na sombe ya majani ya muhogo na sambaza, dagaa wa ziwani, za kukaanga ambazo Kavira alikuwa akiletewa na shangazi yake, na katikati ya mazungumzo tukasikia "ti", mlio mdogo, mkavu. Gilasi yangu ilikuwa imepasuka vipande viwili. Hakuna aliyeigusa, hakuna upepo. Muzee aliendelea kutafuna. "Imekufa," akasema. "Kioo kikipoa mbio kinajiuaka chenyewe. Inaweza kuwa leo, inaweza kuwa kesho kutwa, wewe umekaa unafikiri kiko muzima." Tangu siku ile sikuupenda ukimya wa atelye ile ya mbao. Kila tulipotulia nilijikuta nasikiliza rafu, nikingoja kipi kitafuata, na hata sasa nikisikia kitu kimelia peke yake jikoni nasimama nisikilize.

Dawa ya jambo hilo ilikuwa majivu. Chombo kikitoka kwenye bomba huzikwa ndani ya majivu yenye moto mahali pasipo na upepo, kipoe polepole usiku kucha, na asubuhi kinatolewa. Muzee alikuwa amepapata mahali hapo. Nyuma ya atelye ardhi ya mawe ilikuwa imebonyea, shimo la kwenda chini kimo cha mtu na nusu, naye akalichongea ngazi saba, akaliezeka mabati, akapanga humo masanduku ya chuma yenye majivu. Alitupeleka kulionyesha kwa fahari kubwa, na mimi nilisimama juu nikakataa kushuka. Mtu aliyekulia upande ule haulizi. Kuna hewa mbaya inayotoka ardhini huku kwetu, haina rangi wala harufu, ni nzito, hujaa mashimoni asubuhi kabla jua na upepo havijaitawanya, na kinachoingia humo kinalala na hakiamki, iwe mbuzi au mtoto. Tunaiita mazuku. Tulipokuwa wadogo tulichapwa kwa kukaribia mabonde yenye nyasi zilizokauka bila sababu. Nikamwambia Muzee. Akanitazama kwa huruma, kama ninavyowatazama mimi leo wanafunzi wanaokuja na habari za majini. "Hayo ni maneno ya kwenu," akasema. "Butembo tunachimbaka mashimo marefu kushinda hii, tunatoka."

Juma la pili kuku wa jirani alikutwa chini kwenye ngazi ya mwisho, amelala ubavu, hana jeraha. Muzee alifunga mshumaa kwenye waya mrefu, akauwasha, akaushusha polepole huku sisi tumemzunguka. Mwali ulishuka vizuri, umesimama wima, ngazi ya tatu, ya nne, ya tano. Kwenye ya sita ukakatika. Haukuyumba wala haukupungua kwanza. Ulikatika kana kwamba umechovywa majini. Akauvuta, akauwasha tena, akaushusha tena, ukafia palepale. Akafanya ishara ya msalaba. Ningependa kuandika kwamba alilifukia shimo siku ile, na nimewahi kulisimulia hivyo kwa watu wasiojua. Hakulifukia. Mahali pengine pote kwenye kiwanja kile upepo wa ziwa ulipita, na vyombo vilivyozikwa juu vilitoka na nyufa. Kwa hiyo akaweka sheria: kila asubuhi mshumaa unashuka kwanza. Ukifika chini ungali unawaka, shuka. Ukizimika, ngoja jua lipande, jaribu tena. Akaweka na sheria ya pili, ambayo sikuielewa uzito wake wakati ule. Neno mazuku lisitamkwe ndani ya atelye. Kulikuwa na wageni wanaokuja kutazama kazi, kulikuwa na hoteli moja ya kando ya ziwa iliyotaka gilasi za meza zake zote, na neno moja tu lingewakimbiza. Siku moja nilimsikia kupitia mbao za ukuta, nikiwa nazungusha gurudumu. Mgeni aliuliza kama kule nyuma hewa inatosha. "Bila shida," Muzee akajibu kwa sauti ya furaha. "Tuko na ventilation ya muzuri kabisa." Nikaendelea kuzungusha gurudumu.

Kavira, ambaye alikuwa mtu wa utaratibu, alianza kuchora alama ya chaki ukutani pale mshumaa ulipozimika kila asubuhi. Wakati wa kiangazi alama zilikaa chini, ngazi ya sita, ya saba, siku nyingine hakuna alama kabisa. Mvua zilipoanza zikaanza kupanda. Ya tano. Ya nne. Asubuhi moja yenye ukungu mzito, ya tatu. Hatukuzizungumzia. Kila aliyefika alikwenda kwanza kuangalia chaki, halafu anarudi kuota moto na kumwaga chai kana kwamba alikwenda msalani. Wageni wakija Muzee alizifuta kwa kitambaa chenye maji, nasi kesho yake tukaanza upya. Mimi niliogopa, nisidanganye, lakini nilikuwa nimejifunza pia kupuliza gilasi sita zinazofanana, na kujua kwamba unajua kitu ni ulevi wa aina yake.

Aline alikuja mvua zilipokuwa zimekolea. Alitoka Katindo, kila asubuhi alipanda pikipiki mpaka njia panda kisha akatembea, na alifika amechafuka tope mpaka magotini akiimba. Mama yake, mjane aliyeuza vitenge, alikuja naye siku ya kwanza, akakagua tanuru, akakagua mikono ya Muzee yenye makovu ya moto, akaniambia mimi, si Muzee, akiniita dada mkubwa kwa lugha ya kwetu: "Yaya, munichungie huyu. Ni moja tu niko naye." Nikamjibu asiwe na wasiwasi. Baada ya wiki mbili Aline alikuwa akipuliza kuliko sisi wote. Sijui kipawa ni nini, lakini niliona kinavyokaa mwilini mwa mtu: kioo kilimfuata. Alitengeneza mtungi mdogo wa kijani wenye shingo nyembamba, Muzee akaushika juu kwenye mwanga, kisha akasema mwakani atahitaji mtu mmoja wa kubaki kama mwalimu msaidizi. Alikuwa ananitazama mimi aliposema, kwa sababu nilikuwa mkubwa, lakini mtungi aliushika wa Aline. Sikulala vizuri siku hizo. Wivu wangu haukuwa wa kelele. Nilimsalimia, nilimgawia sambaza, nilimsuka nywele mchana mmoja wa mvua. Ila nilianza kuhesabu vitu ninavyojua mimi asivyovijua yeye.

Wanafunzi wapya ndio waliotoa vyombo shimoni asubuhi, na Muzee aliponiambia nimfundishe Aline, nilimpeleka nyuma. Chaki ilikuwa imefutwa jana yake. Nikamwonyesha waya, mshumaa na kiberiti kwenye kopo. "Kila asubuhi unashusha mushumaa kwanza mpaka chini. Kiisha unashuka." Akauliza lile swali la kwa nini ambalo mtoto yeyote mwenye akili angeuliza: "Juu ya nini?" Nilikuwa na nafasi. Muzee hakuwa karibu, Kavira alikuwa mbele akivunja chupa. Sheria ya Muzee ilinikataza kutamka neno, lakini si sheria iliyonifunga mdomo, au si yote. Nilijisikia vizuri kuwa na kitu ambacho ni changu. "Ni kanuni ya hapa," nikasema. "Ni vile tunafanyaka." Aline akacheka. "Yaya Solange, muko na makanuni mingi kushinda kanisa!" Akashusha mshumaa, ukafika chini unawaka, akashuka akiruka ngazi mbili mbili, akapanda na gilasi zetu. Kwa siku kumi hivi alifanya hivyo, na mara mbili ulipozimika aliniita, nikamwambia angoje jua, naye akangoja bila kuuliza. Yeye alikuwa wa kilima cha Katindo, kati ya nyumba na kambi ya wanajeshi. Mazuku alikuwa amelisikia kama jina la mambo ya mbali.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na ukungu ulikaa juu ya mawe. Mimi nilichelewa kwa sababu nilisimama njiani kunywa chai ya maziwa na maandazi, na mwenye kibanda alikuwa na hadithi ndefu. Nilipoingia kiwanjani nilimwona Kavira amesimama juu ya shimo, mikono kichwani, anapiga kelele zisizo na maneno. Nilikimbia. Mshumaa ulikuwa pale juu, mzima, na kando yake njiti za kiberiti zilizolowa, karibu zote zimekwaruzwa bila kuwaka. Waya ulikuwa umeshuka. Kwenye ncha yake kulikuwa na simu ndogo ya tochi, na tochi ilikuwa inawaka, inaangaza vizuri masanduku ya majivu na ngazi ya mwisho, na Aline ameegemea sanduku kama mtu aliyekaa kupumzika. Nilielewa yote kwa mara moja. Kiberiti kilikataa kuwaka, naye akafikiri, kwa akili zake nzuri, kwamba mshumaa ni wa kuonea chini. Hakuna mtu aliyemwambia ni wa nini. Muzee alitoka mbio, akajifunga kamba kiunoni, akatupa ncha nyingine kwetu, akavuta pumzi akashuka. Mara ya kwanza alirudi mikono mitupu, anatapika. Mara ya pili alitoka naye. Tulimlaza kwenye mawe, tukampulizia mdomoni, Muzee akipuliza, nami nikipuliza, tukibadilishana, hata baada ya wote watatu kujua kwamba amekwisha kufa. Halafu Muzee alivuta waya, akaizima ile simu, akaipangusa kwa shati lake.

Matanga yalikuwa Katindo, nyumbani kwa mama yake, wanawake chini kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Mama Aline alikuwa hajalia siku nzima, wenzake walikuwa wanaogopa. Mchana wa siku ya pili aliinua kichwa, akauliza kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeulizia chumvi: "Nani njo alimufundisha mutoto wangu kuingia mule?" Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Na kutoka kwenye viti vya plastiki nikasikia: "Ni mimi, mama. Mambo yote ya mule ni mimi." Muzee alikuwa amesimama, ameshika kofia. Mama Aline alimtazama, kisha akaanza kumlaani, jina lake, kabila lake, tumbo lililomzaa, watoto wake ambao hakuwahi kuwaona, na yeye alibaki amesimama mpaka wazee walipomshika mkono wakamtoa nje. Nikamfuata nyuma ya ukuta wa mbao. Nilimwambia narudi kusema kweli. Alinishika bega kwa ule mkono wa makovu. "Ukisema ni wewe, atakuuliza mutoto alikosea wapi. Utamujibu nini? Utamuambia habari ya simu. Na simu ni ya nani?" Nilijua ni ya nani. Aline alitueleza jana yake: mvua ni nyingi, mama amemwazima simu yake ili wapate kuulizana kama amefika. "Ataishi namna gani akijua ile?" Muzee akasema. "Mutu moja anatosha kubeba. Mimi niko muzee."

Nilikubali. Nilijiambia nakubali kwa ajili ya mama yule, na ilikuwa kweli, na ilikuwa rahisi kupita kiasi. Atelye ilifungwa. Muzee alirudi Butembo na hakutengeneza tena hata ushanga. Mimi nikawa mwalimu, na mtoto akiniuliza sababu ya kitu siwezi kumwambia ni kanuni. Namweleza mpaka achoke, kengele ilie, wenzake wamzomee kwa kuuliza. Wananiita Madame Juu-ya-nini. Wanacheka, nami nacheka nao. Mji wetu umepitia mengi tangu wakati ule, mlima umemwaga moto, watu wenye silaha wameingia na kutoka, na katika yote hayo Mama Aline aliendelea kumtaja Muzee sokoni, mbele ya meza yake ya vitenge, kwa yeyote aliyemuuliza kama ana watoto.

Miaka minne iliyopita Kavira alinipigia: Muzee amefariki. Watu wa kwao walioko Goma walikuwa wanaandaa misa na kilio hapa, kwa sababu barabara ya kwenda Butembo ilikuwa haipitiki. Na mtu mmoja alikuwa amemwambia Mama Aline, naye akajibu kwamba ameomba afe vibaya na Mungu amechelewa tu. Kavira alilisema hilo kwa sauti ndogo. Sikumaliza chakula changu. Nilichukua pikipiki mpaka Katindo, mchana wa jua kali, nikamkuta sebuleni peke yake anakunja vitenge, akanikaribisha kwa furaha kama siku zote, akataka kuniletea maji. Nikamwomba akae. "Mama, haikukuwa Muzee. Ni mimi njo nilimufundisha Aline. Muzee alisema vile juu ya kunikingia." Aliendelea kukunja kitenge kile mpaka kikawa mraba mdogo. "Na alikosea wapi?" akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo miaka yote. "Hakukosea hata fasi moja, mama," nikasema. "Alifanya yote vile nilimufundisha. Nilimufundisha mubaya." Simu sikuitaja. Alikiweka kile kitenge juu ya vingine. "Miaka yote ile," akasema, "nilikuwa nalaani mutu wa bure." Kisha akanyoosha kidole kuelekea mlangoni, nikatoka.

Kesho yake alikuja kwenye kilio cha Muzee. Alivaa kitenge cheusi, akakaa kwenye mkeka kati ya wanawake wa Butembo ambao hawakumjua, akalia kwa sauti mpaka wakaanza kuulizana huyu ni dada wa marehemu au nani. Aliimba nyimbo zote. Misa ilipokwisha aliwapa mkono wafiwa mmoja mmoja, akampa Kavira, na aliponifikia mimi akaurudisha mkono ndani ya kitenge akapita. Goma si kubwa. Tulikutana sokoni, kanisani, kwa madaktari, mwaka baada ya mwaka. Nilimwamkia kila mara, mpaka juma alilougua, na hakuniitikia hata siku moja.